Kiti cha maboksi: shajara ya mradi wa darasani, wiki ya 1 mpaka ya 11

Kabla ya kuanza

Naandika hapa kwa sababu mara mbili sasa nimetengeneza kifaa cha mtoto, mwaka unaofuata nikitaka kumtengenezea mwingine sikumbuki nilianzaje, vipimo niliviandika wapi, gundi ilikauka siku ngapi. Safari hii kila kitu kinaingia kwenye shajara, na makosa nayo yanaingia.

Darasa letu lina watoto 9 wenye mahitaji maalumu, wawili kati yao wana mtindio wa ubongo. Mradi ni wa mmoja wao, binti wa miaka 7. Haongei. Hakai bila kushikwa. Miguu inamkaza na kupishana kama mkasi, hasa akifurahi au akishtuka. Shule aliyotoka ilimwambia mama yake amrudishe akishaweza kukaa mwenyewe, yaani akae kwanza ndio afundishwe. Mi nataka tugeuze: tumkalishe sisi, halafu ndio tuone anajua nini.

Kiti chenyewe ni cha maboksi na gundi ya unga. Wazo sio langu, mbinu imetokea Zimbabwe, Bevill Packer ndiye aliyeiendeleza na kuifundisha, na imesambaa nchi nyingi kwa viti na fremu za kusimamia za watoto wenye ulemavu. Nimeipendea kitu kimoja, kiti unakikata kufuata mwili wa mtoto mmoja, sio mtoto unamlazimisha afuate kiti.

Wiki ya 1

Sikugusa boksi hata moja. Nilikaa na daftari siku 4 nikimtazama, nikaandika anafanya nini dakika kwa dakika akiwa kwenye mkeka na akiwa kwenye kiti cha magurudumu alichopewa msaada. Kile kiti ni cha mtu mzima. Anazama ndani yake, anaegemea ubavu, shingo inaanguka upande, halafu anaanza kupambana. Nikahesabu: ndani ya dakika 10 alitazama picha niliyomshikia mara 2 tu, muda wote uliobaki alikuwa anatafuta namna ya kutoanguka. Ukijaribu mwenyewe kusoma umening'inia ukingoni mwa paa utaelewa, akili yote iko kwenye kushikilia.

Halafu kuna jambo limenikosesha usingizi. Nimezoea kukaa kushoto kwake, kwa hiyo kitabu nacho huwa kushoto. Akigeuza kichwa kukitazama, mkono wa kushoto unanyooka ghafla tiii na wa kulia unakunjika, kama mtu anayevuta upinde. Kitabu kinaruka. Kwenye faili lake, mwezi wa kwanza alipokuja, niliandika kwa mkono wangu "anasukuma kitabu, hapendi kusoma".

Hakuwa anasukuma. Ni mwitikio wa shingo ambao kila mtoto mchanga anao, kichwa kikigeuka upande mkono wa upande huo unanyooka, na kwa kawaida unaisha kwenye miezi 6 hivi, ila kwa baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo unabaki miaka na miaka. Yeye anageuka ASOME, na kule kugeuka ndiko kunakomnyang'anya kitabu. Nilisoma haya chuoni, niliyafanyia hadi mtihani, na bado nikaandika "hapendi". Nimeifuta ile sentensi na nimeandika nyingine na tarehe ya leo. Ijumaa niliweka kitabu katikati kabisa, usawa wa pua, mama yake amempakata, na mikono ilitulia. Haikutulia yote lakini ilitulia.

Wiki ya 2: vipimo

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huja mara mbili kwa mwezi, nikamwomba siku nzima ya kwake. Alinikatalia tepu mpaka kwanza nimweleze mtoto anakaaje. Nikaanza na kichwa maana ndicho kinachoonekana kinaanguka. Akasema, "Mwalimu, anza chini. Nyonga ikikaa vibaya mgongo utapinda, mgongo ukipinda kichwa hakina pa kusimama, utafunga mito shingoni mpaka kesho." Kwa hiyo utaratibu ni huu na nauandika ili nisiusahau tena: nyonga kwanza, halafu mapaja, halafu nyayo, halafu mgongo, mabega, kichwa mwisho. Magoti na nyonga na vifundo vya miguu vikunjike kama kona ya mraba, nyuzi 90, isipokuwa mtoto ambaye viungo vyake havifiki hapo, huyo hulazimishwi.

Vipimo vyake tulivichukua mara mbili. Mara ya kwanza amelala, mwili umenyooka na kukaza, nikapata paja refu. Mara ya pili amekaa kwenye benchi, mama ameshika nyonga, mi nashika mabega, mtaalamu anapima. Vya mara ya pili ndivyo vya kweli:

Nyuma ya tako mpaka nyuma ya goti 30 cm, kwa hiyo kina cha kiti ni 27, lazima ubakize nafasi ya vidole viwili nyuma ya goti. Upana wa nyonga 24. Nyuma ya goti mpaka kisigino 28. Kiti mpaka kiwiko 15, hapo ndipo trei inakaa. Kiti mpaka bega 37.

Mama yake aliuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo moyoni muda mrefu. "Mwalimu, huu ugonjwa unapanda?" Nikamwambia hapana mama, jeraha la kwenye ubongo lilishatokea na halikui, ila mwili wake unakua, na misuli iliyokaza inavuta mifupa mwaka hadi mwaka, ndio maana tunahangaika na mkao. Mtaalamu akaongezea kuhusu nyonga. Kuna mfumo wa ngazi 5 wa kupanga watoto hawa kwa uwezo wa kutembea na kukaa, aliutoa Palisano na wenzake mwaka 1997, binti yuko ngazi ya 5, na kwenye ngazi hiyo karibu watoto 9 kati ya 10 mfupa wa paja huanza kusogea kutoka kwenye tundu lake wanavyokua. Ndio sababu anatakiwa apigwe picha za eksirei za nyonga kila baada ya muda hata kama halii maumivu. Mama alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu. Miaka 7.

Wiki ya 3 na ya 4

Kukusanya na kugundisha. Maboksi magumu ya mizigo, sio yale laini. Unakata vipande vya saizi moja, unapanga tabaka 6, na siri iko kwenye yale mawimbi ya ndani ya boksi: tabaka hili mawimbi yaende kwa urefu, linalofuata yaende kwa upana, hivyo hivyo mpaka juu. Yakielekea upande mmoja yote, ubao utakunjika siku mtoto akijirusha nyuma.

Gundi: unga unakorogwa na maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, unamimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga bila kuacha, ikiwa nzito na kung'aa unaipua. Ipoe. Paka nyembamba, pande zote mbili zinazokutana. Watoto wengine wa darasani walishiriki na hii sikuipanga kabisa, kijana wetu mwenye usonji ambaye huwa hakai kwenye somo lolote zaidi ya dakika 5 alichana magazeti kwa mistari nusu saa nzima kimya ameridhika, mistari inayolingana. Na magazeti yanatakiwa yachanwe kwa mkono, ukikata na mkasi kingo zinabaki na ngazi, zilizochanwa zinalala laini.

Wiki ya 5

Hasara. Ubao wa kukalia umepinda kama sahani. Nilikuwa na haraka nikauanika juani bila kuuwekea uzito, upande wa juu ukakauka kabla ya chini. Wa mgongo uko salama kwa vile ulikaa chini ya rundo la vitabu siku 5. Nimeanza upya ule wa kukalia. Wiki nzima imeenda.

Wiki ya 6

Kuunganisha. Mbao zinashikana kwa vijiti vya karatasi iliyoviringishwa na kugundishwa mpaka ikawa ngumu, vinapita kwenye matundu, juu yake vipande vya boksi vilivyoloweshwa gundi vinakunjwa kwenye kona kama bawaba. Halafu tabaka za gazeti kila mahali, msasa, rangi, vanishi mara 3. Vanishi sio urembo, mtoto anatoa mate na ajali za mkojo zipo, maji yakiingia kiti kinarudi kuwa uji.

Katikati mbele tumeweka kigingi cha kutenganisha mapaja, mviringo, kimefunikwa sponji. Kinakaa karibu na magoti. Wengi hukisogeza mpaka mapajani juu ili mtoto asiteleze, yaani mtoto anazuiliwa kwa kuumizwa. Kazi yake ni kuachanisha magoti tu. Kuteleza kunazuiliwa na mkanda.

Nilikaa mimi mwenyewe na dada msaidizi akaniegemea kwa nguvu. Hakikulia hata kidogo.

Wiki ya 7: siku ya kwanza

Dakika 4. Aliteleza mbele, mgongo ukapinda, akaanza kulia na tukamtoa. Nilikuwa nimemwalika mama yake aje aone, nikatamani nisingemwalika.

Jioni nilipiga magoti mbele ya kiti kitupu na vipimo vyangu nikapima upya kila kitu. Kiti kina 27 kama kilivyopangwa, sawa. Lakini ule mto wa mgongo niliouongeza dakika ya mwisho kwa huruma una 4 cm na ni mlaini, unabonyea, anazama nyuma halafu unamsukuma nyonga mbele. Na mkanda nimeufunga tumboni. Tumboni! Mkanda unatakiwa upite mbele ya nyonga, chini ya ile mifupa miwili ya mbele, uvute kwenda chini na nyuma kwa mshazari wa kama nyuzi 45. Ukiwa tumboni mtoto anateleza chini yake na mkanda unapanda mbavuni. Nyayo nazo zilikuwa zinaning'inia kwa kama 2 cm, ubao wa miguu uko chini mno, na mtoto ambaye misuli inamkaza nyayo zikikosa pa kukanyaga mwili mzima unatafuta.

Makosa matatu, na ukiyatazama kwa pamoja hakuna hata moja la kwake.

Wiki ya 8

Mto umetoka, badala yake sponji ngumu ya 1 cm. Mkanda umehamishwa, nimetoboa matundu mapya pembeni chini. Ubao wa miguu umepandishwa kwa tabaka za boksi. Trei imefika usawa wa kiwiko, ina mkato wa nusu duara kumzunguka tumbo, na mbele ina ukuta mdogo wa mshazari wa kuegeshea kitabu katikati.

Jumatatu dakika 9. Jumatano dakika 15. Ijumaa 20, tukamtoa sisi wenyewe kabla hajachoka, maana nataka kiti abaki anakipenda. Kila akitoka tunafunua nguo tunaangalia mapaja na mgongo, pakiwa na wekundu unaokaa zaidi ya nusu saa ni kwamba pale panambana na patarekebishwa. Palikuwa na sehemu moja kwenye paja la kulia, kona ya trei, tumeisaga kwa msasa na kuizungushia sponji.

Kitu cha kuandika kwa herufi kubwa: MKONO WA KULIA ULIFUNGUKA. Hakuna aliyeufungua. Nyayo zimekanyaga, nyonga imeshikwa, viwiko viko juu ya trei, na ngumi ikaachia polepole yenyewe. Dada msaidizi ndiye aliyeona kwanza akaniita kwa kunong'ona, tukabaki tunatazama vidole.

Wiki ya 9: sasa tuone anajua nini

Hii ndiyo wiki niliyokuwa naisubiri na nimeiandalia utaratibu mkali, sababu kwa watoto wasioongea ni rahisi sana mwalimu kujidanganya kwa upendo.

Tunatumia macho. Kadi mbili za picha, nazishika mbali kama nusu mita, nauliza "paka yuko wapi", anajibu kwa kutazama. Kadi zinabadilishwa upande kila mara, la sivyo mtoto anayependa kutazama kulia ataonekana ana akili nusu ya siku. Mi mwenyewe simwangalii mnyama wa jibu, namwangalia binti usoni, watoto hawa ni mafundi wa kusoma macho ya mtu mzima. Zaidi ya hapo, anayeandika jibu ni dada msaidizi, anakaa nyuma yangu ambako hazioni kadi, anaandika tu "kulia" au "kushoto", tunalinganisha baadaye. Hatumshiki mkono wala hatumsaidii kuelekeza. Na baada ya kuuliza nahesabu kimya mpaka 20. Hii ni ngumu kuliko inavyoonekana! Ukifika 8 mdomo unawasha unataka kurudia swali, na ukirudia unamkatisha mtoto ambaye alikuwa katikati ya kupanga shingo yake, anaanza moja.

Kwa kadi mbili, mtoto anayebahatisha atapata kama 5 kati ya 10. Siku ya kwanza alipata 8. Ya pili 9. Nikaongeza kadi ya tatu ambapo kubahatisha kunampa kama 3 tu, akapata 8.

Alhamisi niliacha picha nikaweka maneno. Sikuwahi kumfundisha kusoma, nilikuwa nafundisha wenzake ubaoni yeye akiwa amelala kwenye mkeka pembeni. "Mama" na "maji". Kulia. "Mama" na "maji" tena, nimebadilisha. Kushoto. Mara 10 alikosea 1. Maneno yote mawili yanaanza na "ma" kwa hiyo hakuwa anatazama herufi ya kwanza tu.

Alikuwa anasoma kutoka kwenye mkeka. Sijui tangu lini, na faili langu linasema hapendi kusoma.

Wiki ya 10

Kikao na mama na babu yake. Niliwaonyesha karatasi za dada msaidizi kabla ya kumwonyesha mtoto, nilitaka waone hesabu kwanza. Babu alitaka kujaribu mwenyewe, nikamfundisha kushika kadi na kunyamaza. Akamuuliza mjukuu wake, "Mimi ni nani, babu au baba?" Hakuwahi kuulizwa swali na babu yake, huwa anaongelewa tu yupo hapo hapo. Alitazama kadi ya "babu" kwa muda mrefu, akacheka, na kwa kucheka miguu ikakaza, kigingi kikaishika isipishane. Kiti hakikusogea.

Mama ana hofu nyingine, na naielewa: tukimzoesha kadi si ndio atakata tamaa ya kuongea kabisa? Hili linaulizwa na karibu kila mzazi. Nikamjibu kwa kilichopo: mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti za watu wenye changamoto za ukuaji waliopewa njia nyingine za mawasiliano, wakabaki na watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, 89% waliongeza usemi ingawa wengi waliongeza kidogo, waliobaki hawakubadilika. Nikamwambia pia ukweli wa pili, kwamba sina uhakika binti ataongea kwa mdomo, lakini kusubiri mdomo ndio aanze kusema sitaki tena.

Tumekubaliana pia kuhusu ile shule. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, kifungu cha 24, unasema mtoto asitolewe kwenye elimu kwa sababu ya ulemavu na unataka afanyiwe marekebisho yanayofaa kulingana na hali yake. Kiti ndio marekebisho yenyewe. Mama hataki ugomvi wala hataki kumrudisha kule, anataka barua, iandikwe kwamba amekaa na anasoma, ili abaki nayo. Nimeandika, mtaalamu amesaini, na karatasi za matokeo zimeambatanishwa.

Wiki ya 11: tulipo

Anakaa vipindi vitatu kwa siku vya dakika 25 mpaka 30, katikati analala kifudifudi kwenye kabari ya sponji ili nyonga zinyooke, maana hata mkao mzuri ukizidi unageuka mbaya. Anasoma maneno 14, tumeyahakiki kwa utaratibu ule ule. Tumebandika "ndiyo" na "hapana" kwenye trei pembeni, kulia na kushoto, haya hayabadilishwi mahali kamwe, ni ya kwake kama sauti. Jumanne aliyatumia bila kuulizwa, tulipotaka kumtoa kwenye kiti alitazama "hapana" akarudi kunitazama mimi, akatazama "hapana" tena. Tukamwacha dakika 5 zaidi, mtaalamu anaweza kunigombeza.

Bado: shingo inachoka baada ya dakika 20 na egemeo la kichwa halijatengenezwa. Nimechora mawili, moja la mabawa mawili ambalo naogopa litamfunika macho asione kadi za pembeni, jingine la mkunjo mfupi nyuma ya shingo. Tunaanza na hilo la mkunjo. Kina cha kiti kitaongezwa akikua, nimeacha mgongo uweze kusogezwa nyuma 3 cm kwa kuhamisha vijiti.

Mtoto wa pili mwenye mtindio wa ubongo vipimo vyake vinachukuliwa Jumatano. Yeye hakazi, mwili wake unacheza wenyewe bila kutulia, kwa hiyo kiti hiki hakinakiliwi, yeye atahitaji uzito zaidi chini na kitu cha kushika mbele ya trei. Maboksi tunayo ya kutosha, ubao wake wa kukalia utakaa chini ya vitabu siku 5.